Mjomba Alipobaki na "Bado": Niliyojifunza Kuhusu Ubongo na Lugha

Hapa Tanga kiharusi hutambulika kwa mkono ulioning'inia na mdomo uliokwenda upande, na mgonjwa akishaanza kutembea kwa mkongojo majirani huona kwamba maradhi yamekwisha, hata kama mwenyewe hajatamka jambo la maana tangu siku aliyoanguka. Mjomba wangu, karani mstaafu wa bandari ambaye mtaa wetu wa Ngamiani ulimjua kwa wepesi wa ulimi, alianza kusimama kabla hajaruhusiwa kutoka hospitali. Mguu ulirudi mapema, mkono wa kulia ukafuata kwa kusuasua, lakini maneno hayakurudi. Katika yote aliyokuwa nayo alibakiwa na moja tu: "bado".

Alilitumia kwa kila jambo. Ukimuuliza kama amekula, bado. Kama ameswali, bado. Kama kichwa kinamuuma, bado. Wiki za mwanzo alilishwa mara mbili mbili, kwa sababu kila mgeni aliyeingia na kumuuliza kama amepata chochote alijibiwa hivyo hivyo, naye mkaza mjomba akawa anashangaa kuona uji unakwisha sufuriani huku mgonjwa akisukuma bakuli kwa hasira. Walikuwapo waliocheka na walikuwapo waliolia, na wengi walikata shauri kwamba akili imeondoka. Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari, na miaka yote nimewafundisha wanafunzi habari za ubongo kwa mchoro ule ule wa kitabuni wenye mishale na majina. Nilipoanza kumhudumia Mjomba kila nitokapo kazini, niliona kwamba mchoro ule haunisaidii kulijibu swali la kwanza ambalo familia iliniuliza: je, anatuelewa?

Aliyelijibu ni Mjomba mwenyewe. Jioni moja ndugu walikuwa barazani wakijadili shamba la minazi la kwao Moa, nani alisimamie na nani apewe mavuno, wakizungumza mbele yake kama watu wazungumzavyo mbele ya mtoto mchanga. Mmoja wao akasema kwamba mpaka wa upande wa bahari unaishia kwenye mkwaju. Mjomba aligonga meza kwa mkono wa kushoto, akasema "bado, bado", akavuta sinia la kahawa, akaliweka birika katikati, kisha akachukua kikombe kimoja na kukisogeza mpaka ng'ambo ya birika. Tulikodoa macho. Akarudia, safari hii akiinamisha kikombe kama mtu ateremshaye ndoo, na hapo ndipo mkaza mjomba alipopiga kofi: birika ndio mkwaju, kikombe ndicho kisima, na mpaka haukomi mkwajuni bali unafika kisimani. Karatasi za shamba zilipotolewa sandukuni zilionyesha hivyo hivyo. Tangu jioni ile hakuna aliyethubutu kumgawia mtu mnazi mbele ya Mjomba.

Hali aliyokuwa nayo huitwa afasia, yaani kuharibika kwa lugha kunakotokana na jeraha la ubongo, na wala si ugonjwa wa akili. Historia yake katika sayansi ina mgonjwa ambaye nilipomsoma nilidhani nasoma habari za nyumbani kwetu. Mwaka 1861, jijini Paris, daktari Paul Broca alikutana na mtu aliyeitwa Louis Victor Leborgne, ambaye kwa takribani miaka 20 alikuwa akiishi katika hospitali ya Bicêtre bila kuweza kutamka chochote isipokuwa silabi "tan", hata ikawa ndilo jina lake mle hospitalini. Alielewa mengi aliyoambiwa, na alipopandwa na hasira aliweza kutoa kiapo kizima cha Kifaransa. Alifariki muda mfupi baada ya kukutana na Broca, na ubongo wake ulipochunguzwa ulikutwa na jeraha sehemu ya mbele ya upande wa kushoto. Mwaka 1874, Mjerumani Carl Wernicke akaeleza aina nyingine, ambamo mgonjwa husema mfululizo na kwa ufasaha wa sauti, ila maneno hayaleti maana, naye mwenyewe haelewi vizuri anayoambiwa. Aina hii ya pili ndiyo ninayoihofia zaidi katika mitaa yetu, maana mtu wa namna hiyo huhesabiwa kuwa amerukwa na akili au amepandwa na pepo, naye huzungushwa huku na huko kabla ya mtu yeyote kufikiria mshipa wa damu ulioziba.

Mchoro wangu wa kitabuni uliishia hapo, kwa Broca na Wernicke na mishale yao miwili. Lakini ubongo wa Leborgne ulihifadhiwa, na mwaka 2007 mtafiti Nina Dronkers na wenzake walichapisha matokeo ya kuupiga picha kwa mashine ya MRI, karibu karne moja na nusu tangu mwenye nao kufariki. Waliona kwamba jeraha lilikuwa limepenya ndani kuliko alivyoweza kuona Broca kwa nje, likafikia nyuzi ndefu zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na ya nyuma. Kwa hiyo lugha haikai kwenye kidoa kimoja kinachoweza kuonyeshwa kwa mshale. Ni kazi ya mtandao, na mtandao hukatika kwa namna nyingi, ndiyo maana wagonjwa wawili wa kiharusi waliolazwa vitanda jirani wanaweza kupoteza vitu tofauti kabisa.

Kilichokuwa kigumu kwa ndugu zangu kukubali ni kwamba mkono na maneno vimeondoka kwa sababu moja. Kwa watu wengi lugha hutegemea zaidi nusu ya kushoto ya ubongo, na nusu hiyo hiyo ndiyo inayoendesha upande wa kulia wa mwili. Ateri kubwa ya kati inayolisha upande huo hupeleka damu sehemu zinazotawala uso na mkono na sehemu za lugha pia, ilhali sehemu kubwa ya eneo linalotawala mguu hulishwa na ateri nyingine. Ndiyo sababu Mjomba alitembea upesi, akachelewa kushika kijiko, na akanyamaza. Nilipoyachora hayo kwa mkaa kwenye sakafu ya ua, shemeji mmoja aliyekuwa akisisitiza kwamba ni upepo mbaya alitazama kwa muda mrefu, akasema kwamba hata upepo nao una njia zake. Sikubishana naye, kwa kuwa alikuwa ndiye anayetuletea bajaji kila siku ya kliniki bila kudai nauli.

Kuhusu matibabu ya saa za mwanzo sina mengi ya kusimulia, kwa kuwa yalitupita. Mjomba alilala mzima na akakutwa alfajiri sakafuni, hivyo hakuna aliyejua kiharusi kilimpata saa ngapi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, kikomo kilichotokana na utafiti uliochapishwa mwaka 2008, kwani kabla ya hapo kilikuwa saa 3. Mwaka 2015 majaribio kadhaa makubwa yalithibitisha faida ya kulitoa donge la damu kwa mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa, na mwaka 2018 majaribio mengine mawili yakaonyesha kwamba baadhi ya wagonjwa, wakiwamo walioamka wakiwa tayari wamepooza, wanaweza kufaidika hata hadi saa 24, mradi picha zionyeshe kwamba ipo sehemu ya ubongo iliyodhoofika lakini haijafa. Hospitali tuliyompeleka haikuwa na huduma hizo. Ilichoweza kutupatia ni kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, na hicho nacho si kidogo, kwa sababu kiharusi cha mshipa kuziba na kiharusi cha mshipa kupasuka hufanana kwa nje ilhali matibabu yake yanapingana. Jirani mmoja alikuwa amekuja mbio na vidonge vya aspirini mkononi, naye mkaza mjomba akavikataa mpaka picha isomwe. Alikuwa sahihi: kama mshipa ungekuwa umepasuka, aspirini ingeweza kuzidisha kuvuja kwa damu.

Mtafiti Jeffrey Saver alikadiria mwaka 2006 kwamba kiharusi cha kawaida cha ateri kubwa kuziba, kisipotibiwa, huua seli za neva milioni 1.9 kwa dakika. Ubongo wa mtu mzima una seli za aina hiyo zipatazo bilioni 86. Na maradhi haya si ya wazee wa Ulaya peke yao. Utafiti uliofanywa nchini mwetu, wilayani Hai na jijini Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 2010, ulikuta kwamba baada ya kusawazisha umri, viharusi vipya kwa mwaka vilikuwa takribani 109 kwa kila watu 100,000 huko Hai na takribani 316 Dar es Salaam. Shinikizo la juu la damu ndilo chanzo kinachoongoza, na Mjomba alikuwa nalo kwa miaka. Dawa alikuwa akimeza anapojisikia vibaya na kuziacha anapojisikia nafuu, kama wafanyavyo wengi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Mchana mmoja mjukuu wake mdogo aliingia akitoka chuoni, akasema kama kawaida, "Shikamoo babu." Mjomba akajibu, wazi kabisa, "Marahaba." Nyumba nzima ilisimama. Mkaza mjomba alimwambia mtoto arudie, akarudia, Mjomba akajibu tena. Kisha mimi nikamsihi aseme neno hilo bila kuamkiwa, nikamtamkia silabi kwa silabi, naye akajitahidi mpaka jasho likamtoka, kikatoka "bado". Alipoamkiwa tena, "Marahaba". Baada ya siku chache ikawa vivyo hivyo kwenye hitima ya jirani: sheikh alipoanza Fatiha, Mjomba alijiunga na wenzake akaisoma hadi mwisho na kuitikia amina, na walioketi karibu naye wakatokwa na machozi wakisema kwamba maradhi yamepona.

Hayakuwa yamepona. Tulirudi nyumbani, akawa na kiu, akashindwa kuomba maji.

Jambo hili limewashangaza watu kwa karne nyingi. Mwaka 1745 Olof Dalin wa Sweden aliandika habari za kijana aliyepooza upande wa kulia na kupoteza usemi, lakini ambaye, akianzishiwa, aliweza kuimba nyimbo za kanisani alizozijua kabla ya kuugua, na kusoma sala kwa mahadhi yake. Katika karne ya 19 daktari Mwingereza John Hughlings Jackson alitenganisha usemi wa kujiendea, kama viapo, salamu na sala, na usemi wa kutunga, ambao mtu huuumba papo hapo ili kueleza jambo jipya. Usemi wa kujiendea umekaririwa kiasi kwamba ubongo huutoa ukiwa mzima, bila kuchagua neno moja moja na kulipanga, na hautegemei kwa kiwango kile kile zile sehemu za kushoto zilizojeruhiwa. Kwa hiyo "Marahaba" ya Mjomba haikuwa jibu alilolitunga. Ilikuwa mwitikio uliovutwa na "Shikamoo", na alipotakiwa kuitoa pasipo kuvutwa, hakuwa na pa kuishikia. Kwa watu wa pwani, ambao nusu ya mazungumzo ya siku nzima ni kuamkiana, kuulizana hali na kushukuru Mungu, mgonjwa wa namna hii anaweza kumpitisha mgeni salama tangu hodi hadi kwaheri bila mgeni kugundua lolote. Nimewaona wageni wakitoka kwetu wakisema kwamba Mjomba anazungumza vizuri sana.

Swali lililonikaa ni kama mlango huo ulio wazi unaweza kutumiwa kuingizia maneno mapya. Nilisoma kwamba mwaka 1973, huko Boston, Martin Albert, Robert Sparks na Nancy Helm walieleza tiba ya kumfundisha mgonjwa kuimba maneno ya kawaida kwa sauti mbili, ya juu na ya chini, huku mkono wake wa kushoto ukigongwa taratibu kwa kila silabi. Kwanza mganga na mgonjwa huimba pamoja, kisha mganga hupunguza sauti yake kidogo kidogo, na mwishowe wimbo hulegezwa ukarudi kuwa usemi. Nilimpata kwa simu mtaalamu wa tiba ya usemi aliyeko Dar es Salaam, kwa maana wataalamu wa fani hii ni wachache mno nchini, naye alinielekeza namna ya kuanza na namna ya kutoharibu. Alinikataza kumkatiza mgonjwa na kummalizia sentensi, akaniambia niache ukimya uwe mrefu kuliko ninavyouvumilia. Ushauri huo ulikuwa mgumu kuliko yote, hasa katika nyumba yenye watu wengi wanaompenda mgonjwa na kila mmoja ana haraka ya kukisia anachotaka.

Tulianza na "nipe maji". Niliketi mbele yake, nikashika mkono wake wa kushoto juu ya meza, nikaugonga mara nne, ni-pe-ma-ji, nikipandisha sauti kwenye "ma", mahali ambapo Kiswahili chenyewe huweka mkazo. Kwanza tulivumisha bila maneno. Kisha tukaimba pamoja, na alifuata midomo yangu kwa macho makali kama mtu asomaye maandishi madogo. Nilipopunguza sauti, alitoa "nipe", akasimama, ikaja "bado". Nipe bado. Alicheka yeye mwenyewe, kicheko cha kwanza tangu augue, nami nikacheka naye, tukaanza upya. Glasi ya maji ilikuwa pale pale mezani, na hakuipata mpaka aiombe, jambo ambalo mkaza mjomba aliliona kuwa ni ukatili na akalisema waziwazi. Siku iliyotoka "nipe maji" nzima, kwa sauti ya kuimba kama mwadhini mwenye mafua, ni yeye mkaza mjomba aliyekwenda kuyachota mengine mtungini yaliyo baridi zaidi.

Wanasayansi hawakubaliani ni kwa nini tiba hii humfaa mtu. Mwaka 2009 Gottfried Schlaug na wenzake waliripoti kwamba wagonjwa wachache waliofanya mazoezi hayo kwa muda mrefu walionekana, kwa picha za MRI, kuongezeka nyuzi za upande wa kulia wa ubongo, zile zinazolingana na nyuzi za lugha za upande wa kushoto. Barabara kuu ya Muheza ikikatika, magari hutafuta njia ya Pangani, na njia iliyokuwa nyembamba hupanuka kwa kupitwa. Lakini mwaka 2011 Benjamin Stahl na wenzake nchini Ujerumani waliwapima wagonjwa 17 wakaona kwamba kilichosaidia hakikuwa wimbo wenyewe bali mdundo, pamoja na mazoea ya maneno yanayotumika. Nilipoyasoma haya nilimwita mpwa wangu anayepiga dufu, tukajaribu kumpigia Mjomba mapigo peke yake bila kupandisha wala kushusha sauti. Alifanya karibu sawa na alipoimba. Jaribio la nyumba moja haliamui ugomvi wa wataalamu, ila kwetu liliondoa aibu ya wale wasiojua kuimba. Baada ya hapo hata shemeji wa bajaji alishika zamu, akigonga meza kwa funguo zake.

Nyimbo zenyewe hatukuziacha. Mjomba ni wa rika lililokua na taarab ya Tanga, ile ya vikundi vya Black Star na Lucky Star yenye gitaa na besi, na kwa ujana wake hakuna onyesho lililompita. Watoto walimwekea nyimbo hizo kwenye simu, naye aliimba nazo beti nzima huku akitikisa kichwa. Hakuna hata neno moja la beti zile lililohamia kwenye mazungumzo, na nilitaka zipunguzwe ili tupate muda wa mazoezi. Kilichonizuia ni utafiti wa Teppo Särkämö na wenzake nchini Finland, uliochapishwa mwaka 2008, ambao ulikuta kwamba wagonjwa wa kiharusi waliosikiliza kila siku muziki waliouchagua wenyewe walipata nafuu zaidi ya kumbukumbu ya maneno na ya umakini, na hawakuzama sana katika huzuni. Huzuni si jambo la kando katika maradhi haya. Takribani theluthi ya waliopata kiharusi hupatwa na sonona, na mtu asiyeweza kusema hawezi hata kuwaambia watu kwamba moyo umemlemea. Taarab ikabaki.

Wakati huo huo ndugu yetu mmoja alisikia kwamba kuna vidonge vinavyorudisha ubongo baada ya kiharusi, akawa tayari kuvigharimia. Habari ile haikuwa uzushi. Mwaka 2011 jaribio dogo la Ufaransa lilidokeza kwamba dawa ya sonona iitwayo fluoksetini ilisaidia viungo kurudi. Ila jaribio kubwa la Uingereza la mwaka 2018, lililohusisha wagonjwa zaidi ya 3,000, halikuona faida hiyo. Sonona ilipungua lakini mifupa iliyovunjika iliongezeka. Daktari wetu alimweleza hayo kwa upole, na fedha zile zikanunua mashine ya kupimia presha nyumbani, ambayo kwa maoni yangu ndicho kifaa cha ubongo chenye thamani kuliko vyote vilivyoingia nyumba ile.

Kitu ambacho tafiti zimekiunga mkono kwa nguvu zaidi ni saa za kazi. Mwaka 2017 Caterina Breitenstein na wenzake nchini Ujerumani walichapisha jaribio la wagonjwa 156 waliokuwa na afasia kwa miezi 6 au zaidi, na wale waliopewa mazoezi ya lugha yasiyopungua saa 10 kwa wiki, kwa wiki 3, waliweza kuzungumza vizuri zaidi katika mambo ya kila siku kuliko waliosubiri zamu yao. Niliposoma "miezi 6 au zaidi" nilifurahi, kwa sababu tulikuwa tumeambiwa na watu wengi kwamba ambalo halijarudi ndani ya miezi mitatu lisitazamiwe tena. Hatukuwa na mtaalamu wa kutupa saa 10, kwa hiyo tuliziokota nyumbani. Mkaza mjomba alichukua asubuhi jikoni, akimtajisha kila anachokishika. Watoto walichukua alasiri. Mimi nikachukua jioni, wakati wa sentensi.

Jikoni ndipo nilipoona kwa karibu jinsi ubongo unavyoweka maneno. Akionyeshwa changu alisema "nguru"; akionyeshwa mwiko, "upawa"; mara moja, akimwangalia mkewe, alisema "dada", akajikamata na kufunika uso. Makosa yake hayakuwa ya ovyo. Neno lililotoka lilikuwa karibu kila mara jirani wa lile lililotakiwa, samaki kwa samaki, chombo kwa chombo, jamaa kwa jamaa, dalili kwamba maneno yanahifadhiwa kwa udugu wa maana, na kwamba Mjomba alikuwa akiufikia mtaa sahihi na kugonga mlango wa nyumba ya pili. Mtaalamu wa Dar es Salaam alisema tusiyahesabu hayo kuwa ni kushindwa, bali tumuulize habari za kitu chenyewe, kinapatikana wapi, kinapikwaje, mpaka jina lifunguke. Mambo yalizidi kuchanganyika kwa kuwa Kidigo ndicho alichonyonya, na Kiswahili ndicho cha kazi na cha nyumba. Vyote viwili vilirudi karibu sambamba, kama inavyowatokea wengi wenye lugha zaidi ya moja, ila akichoka humimina Kidigo katikati ya sentensi, na mkewe ambaye ni Mbondei hubaki akitutazama sisi.

Mwaka 2023 wanafunzi wangu walinionyesha kwenye simu habari za mwanamke wa Kanada aliyepoteza usemi kwa kiharusi, ambaye watafiti wa San Francisco wakiongozwa na Edward Chang walimwekea bamba la elektrodi 253, yaani vinasa umeme vidogo, juu ya ubongo, na kompyuta ikageuza nia yake ya kusema kuwa maneno 78 kwa dakika. Waliniuliza kama Mjomba angeweza kupata. Niliwaeleza kwamba kiharusi cha mama yule kilipiga shina la ubongo, mahali zipitapo amri za kuendesha mdomo, na lugha yake ilibaki nzima juu. Kompyuta ilisikiliza sentensi ambazo tayari alikuwa amezitunga. Kwa Mjomba mdomo ni mzima, na panapovuja ni huko huko kwenye kutunga. Mashine ile ingemsikiliza, ikatutolea "bado". Nadhani somo lile la dakika chache liliwaingia kuliko mihula yangu yote ya mchoro na mishale.

Hivi sasa Mjomba anasema sentensi fupi, mara nyingi bila vitenzi, na huandika jina lake kwa mkono wa kushoto. Simu bado inamshinda, kwa kuwa haoni uso wa anayezungumza naye. Tulipo sasa ni kwenye namba. Hawezi kuitamka namba peke yake, lakini kuhesabu kwa mfululizo kumebaki kamili kama Fatiha ilivyobaki, kwa hiyo amejitafutia ujanja ambao wala si mimi niliyemfundisha: akitaka kusema saba, huanza moja kwa sauti ya chini, hupanda mpaka saba, hapo hukaza sauti na kunyoosha kidole. Kwenye soko la samaki la Deep Sea wauzaji wamekwishamzoea. Akisogelea fungu la changu huweka mizani chini na kumsubiri apande ngazi zake, na mmoja wao humtania kila mara kwamba siku atakayokuja kununua jodari wa elfu arobaini, samaki ataoza mezani kabla bei haijafika.